Feza za misitu na miombo yetu: nani anachagua?

Kila mara radio inatangaza kama inchi za ng'ambo zimetoa mamilioni ya dola juu ya misitu ya Kongo. Na hapa Likasi, wasukumaji wa kinga wanaoleta makala ku soko ya Kikula wanasema pori inakimbia: zamani walikata karibu, leo wanalala njiani. Wasomaji wetu wanatuuliza swali moja, tena ni swali ya haki: ile feza inapita wapi?

Jibu la barabarani tunalijua: "Bakubwa banakula." Inawezekana. Lakini tunaomba msomaji aangalie kwanza namna miradi inavyochaguliwa, maana kuchagua kwenyewe njo kunatuacha inje, hata kabla ya mtu kutia mkono ku sahani.

Mfuko mkubwa kuliko yote kwa misitu yetu unaitwa CAFI. Ulianzishwa mwaka 2015, na Norwe njo mtoaji wa kwanza. Mwaka 2016 Kongo ilitia sahihi barua ya mapatano ya dola milioni 200. Mwaka 2021, kule Glasgow, barua ya pili, dola milioni 500. Kinshasa kuna ofisi ya FONAREDD inayopanga programu. Lakini feza yenyewe haikai ku sanduku ya serikali. Inakaa ku konti ya Umoja wa Mataifa, na inatoka kwa kupitia mashirika yaliyokubaliwa: Banki ya Dunia, PNUD, FAO, AFD ya Ufaransa na mengine. Mwenye kutunza konti anakamata asilimia 1. Shirika la Umoja wa Mataifa linalotumikisha programu linakamata kawaida asilimia 7 kwa ofisi yake. Huo si wizi, imeandikwa wazi ku mikataba. Chini yao kunakuja ONG kubwa, chini ya ONG kubwa kunakuja ONG ndogo, na kijiji kiko ku mwisho wa mstari, kinangojea kama mtu wa mwisho ku foleni ya mkate.

Sasa, wanachagua wapi? Wanachagua mahali kaboni iko mingi. Hekta moja ya pori kubwa ya Mai-Ndombe inabeba kaboni kupita hekta ya miombo yetu, na ni rahisi kuihesabu kwa picha za satelite. Mwezi wa tisa 2018, Mai-Ndombe ilipata mapatano na mfuko wa kaboni wa Banki ya Dunia: mpaka dola milioni 55 kwa tani milioni 11, ni kusema dola 5 kwa tani. Hatuna wivu na ndugu zetu wa Mai-Ndombe. Tunasema tu kwamba kipimo kile, siku kilipowekwa, kiliondoa Haut-Katanga ku listi bila mtu kukuja kuangalia mti mumoja wa Kambove.

Maana kipimo cha kaboni hakioni vitu vingine. Hakioni uyoga na viwavi vinavyolisha watu wakati shamba bado kutoa kitu. Hakioni asali, hakioni dawa. Hakioni mama wa Panda anayepika na makala kwa sababu kuriya haiko, na huku nguzo za umeme zinapita juu ya kichwa chake. Barrage ya Mwadingusha iko karibu na sisi. Ilitengenezwa upya kwa feza za wenye mugodi wa Kamoa-Kakula, ikarudi ku kazi mwaka 2021 na megawati 78. Umeme ule unasaidia kuchimba shaba ambayo dunia inasema itapunguza moshi wa magari. Mama yule anabaki na mbabula yake, na miti inakatwa. Mtu akitafuta mahali pa kutia feza ya misitu, hapo pia ni misitu.

Kisha kuna karatasi. Tangazo la kuomba miradi linatoka kwa Kifransa au Kiingereza, ku intaneti, na siku chache za kujibu. Wanataka hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa, konti ya banki, meza za shabaha na vipimo, mara nyingine hata feza yako mwenyewe ya kuanzia. Chama cha wakulima wa huku Kapolowe, chenye kulinda kipande cha pori tangu wazee, hakina hata muhuri. Basi anakuja mwenye kujua kuandika, anaandika dosie nzuri sana, anashinda. Dosie inashinda, pori halishindi. Tusiwe wakali bure: mwenye kutoa feza iko na haki ya kuuliza hesabu, na sisi wenyewe tumeona vyama vinavyozaliwa siku ya tangazo na kufa siku feza imeisha. Lakini kama masharti yanajulikana na watu wa mjini tu, watu wa mjini tu njo watapata.

Na kuna jambo la muda. Kule Mampu, ku plato ya Bateke, walipanda akasia karibu hekta 8,000 kuanzia mwaka 1987, kisha wakagawanya kwa jamaa, hekta 25 kila moja. Mpaka leo Mampu inatoa makala, mihogo na asali. Ilidumu kwa sababu walingojea, na kwa sababu kila jamaa ilijua mpaka wake. Miradi ya leo iko ya miaka mitatu, minne. Mwaka wa kwanza ni kununua jeep na kufanya semina. Mwaka wa mwisho ni kuandika raporo.

Miombo haiombi hata mingi hivyo. Kila mzee wa kijiji anajua: kisiki cha musamba ukikiacha, kinachipuka chenyewe. Kinachoua machipukizi ni moto wa mwezi wa tisa na wa kumi, wakati nyasi zimekauka kabisa, na jembe linalorudi haraka. Kuchoma mapema, mwezi wa tano, wakati majani bado na maji; kukata kwa zamu; kuchunga kipande kilichokatwa mpaka kikue. Kazi hiyo inalipwa na feza kidogo, lakini kila mwaka. Shida ni kwamba haina picha nzuri. Mtu aliyepanda miche elfu kumi anapigwa picha. Mtu aliyezuia moto, utampiga picha ya nini?

Chombo cha sheria kiko. Dekre namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu kijiji kupata msitu wa jamii, mpaka hekta 50,000, bure, na kwa siku zote. Mradi wa FAO kwa feza za GEF ulisaidia vijiji vya upande wa Lubumbashi kuingia njia hiyo. Tunataka upande wa Kambove na Kapolowe ufuate. Kijiji chenye cheti kinaweza kumuambia mkataji wa mukula "hapana", na kinaweza kusimama mbele ya mfadhili kama mwenye mali.

Kwa FONAREDD na wafadhili wake, tunaomba mambo mawili: watangaze listi ya miradi waliyokataa pamoja na sababu, na wapokee dosie fupi ya Kiswahili kwa feza ndogo.

Kwa wakubwa wetu wa hapa, tunauliza. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inapeleka asilimia 25 ya ushuru wa madini kwa jimbo, na asilimia 15 kwa komine, sekta au shefri ambako wanachimba. Hiyo feza haipiti Norwe, haipiti New York, na haiombi hesabu za kaboni. Shaba na kobalti zinatoka chini ya miti ile ile. Ku bajeti ya mwaka huu, ni kiasi gani kimeandikwa kwa msitu? Gazeti letu liko tayari kuandika jibu, namba kwa namba, mahali hapa hapa.