Pawatila ya Ushirika Siyo ya Matanuri



Ubao huu kwa kawaida una bei ya mpunga na majina ya wanaodaiwa. Leo tumeomba nafasi yote, maana jambo lenyewe haliishi kwa mistari mitano. Ni habari ya pawatila yetu na lile tela lililopinduka kwenye mteremko wa pili, pale penye mkuyu.

Kila mtu anayo habari hiyo, na kila mtu anayo yake. Wengine wanasema dereva alikuwa amelewa. Siyo kweli, tulikuwa naye asubuhi ile na alikuwa mzima kabisa. Wengine wanasema ni mambo ya watu, yaani husuda. Hayo nayo tuyaache. Tela lilikuwa limejazwa kuni mbichi kupita mbao za pembeni, na juu ya kuni walikaa vijana wawili wa kupakia. Mmoja alivunjika mguu, na mpaka tunaandika haya mguu uko kwenye plasta. Mwenzake aliumia bega. Dereva aliruka, ndiyo maana yuko hai.

Sisi wa ofisi tunasema wazi: kosa la kwanza ni letu. Safari tatu kwa siku ziliandikwa kwenye daftari la ushirika, na sisi tulitia sahihi. Dereva akirudi na safari mbili tunamwuliza, vipi ndugu, umelala njiani? Sasa mtu wa kuulizwa hivyo kila jioni atashuka mlima polepole saa ngapi? Kwa hiyo wale wanaopita vilabuni wakimsema kijana wa watu, waje waseme na sisi kwanza.

Jamani, pawatila siyo trekta. Hizi zetu zina nguvu ya farasi 12 mpaka 16, magurudumu mawili tu, na zilitengenezwa kwa ajili ya jaruba la mpunga. Zilipoanza kuja kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na miaka iliyofuata, watu walifundishwa kulima nazo tambarare. Nani alifundishwa kushuka nazo mlima akiwa na tela nyuma? Hakuna. Kila mmoja amejifunza mwenyewe, na wengine wamejifunza kwa kuumia.

Hapa tunaomba madereva wasome pole pole, na asiyesoma asomewe. Pawatila inakata kona kwa klachi za mikononi. Ukiwa tambarare ukabana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu ya injini, la kulia linaendelea kusukuma, nayo inageuka kushoto. Hilo kila mtu analijua. Lakini kwenye mteremko, tela likiwa linasukuma kutoka nyuma, injini haivuti tena, kazi yake ni kuzuia. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa huru, linakimbia, na la kulia bado limezuiwa. Pawatila inageuka kulia! Yaani umetaka kukwepa shimo la kulia, ndiyo kwanza unaingia humo humo. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa pale kwenye mkuyu. Kijana alibana mkono aliozoea kuubana miaka yote shambani. Ukiwa mteremkoni usiziguse klachi hizo, geuza kwa kusukuma mikono ya usukani, na mwendo uwe wa mtu anayetembea.

Tena kuna huu ugonjwa wa kuweka frii ili kuokoa dizeli. Mwenye kufanya hivyo anaokoa kikombe kimoja cha dizeli na kuitupa breki kubwa kuliko zote aliyonayo, maana injini ikiwa kwenye gia ndogo ndiyo inayoshika mzigo. Breki ya mguu ya tela peke yake haiwezi, hasa ikiwa imelowa tope. Gia ichaguliwe juu kabisa, kabla ya kuanza kushuka. Ukishaanza kushuka ukataka kubadili, katikati pale huna gia yoyote, na tela halikusubiri.

Na mzigo. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Kwa hiyo tunachoma dizeli ya ushirika kushusha maji mlimani, wakati maji tunayo chini tele, Kilombero yote hii! Kuni zikatwe Juni, zipangwe huko huko juu, zishushwe Agosti na Septemba zikiwa nyepesi. Zipangwe chini chini, zisipite mbao za tela, zifungwe kamba. Zikizidi nyuma, zinanyanyua shingo ya tela na magurudumu ya pawatila yanakosa kushika ardhi. Kwa hiyo uzito uegemee mbele kidogo. Na mtu asikae juu ya kuni. Hata mtoto wa mwenyekiti. Hata katibu mwenyewe.

Hayo ni ya dereva. Sasa tuje kwa yale yanayotuuma zaidi.

Pawatila hii ilinunuliwa kwa magunia ya wanachama. Siku ya kupitisha, mtakumbuka, wengi waliokuwa wanasita walikubali baada ya akina mama kusimama na kusema: masika italima, kiangazi itatushushia kuni. Watu walipiga makofi. Mwezi uliopita tulilifungua daftari tukahesabu. Kati ya safari kumi, saba zilikwenda kwenye matanuri ya matofali. Mbili zilikwenda kwa wenye mahoteli pale barabarani. Moja ndiyo ilikwenda kwenye mafiga ya nyumbani, nayo ilikuwa ya msiba.

Akina mama wao bado wako njiani na ngata kichwani. Tulimwomba mama mmoja atue tita lake kwenye mizani ya ghala: kilo 26. Anapanda mlima alfajiri, anashuka na hizo kilo 26, na kwenye njia ile ile anajibanza pembeni kuipisha pawatila yake mwenyewe iliyobeba kuni za kuchomea matofali ya mtu mwingine. Tela likipakiwa kwa adabu, kilo 780 tu, linabeba matita 30 kama lile. Safari moja ni asubuhi 30 za akina mama. Hesabu hiyo hata sisi tuliosomea kwenye darasa la kisomo cha watu wazima tunaiweza.

Mwenye tanuri anasema yeye analipa taslimu. Ni kweli, na ushirika unahitaji fedha, hatukatai. Nyumba za matofali nazo tunazitaka, hakuna anayependa kurudi kwenye miti na udongo. Lakini tanuri moja linakula kuni ambazo nyumba moja ingepikia kwa miezi mingi, na linataka magogo, siyo matawi makavu. Hapo ndipo msitu unapokwisha.

Tusisahau kuni hizi zinatoka wapi. Hatuna mlima mwingine. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi vijiji vya jirani viliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Ndugu zetu wa upande wa Mang'ula wanajua ilivyokuwa, akina mama walilazimika kugeukia miti ya mashambani na ya kununua. Sisi tumebaki na kilima cha kijiji. Tukikimaliza kwa matanuri, tutaanza kuchungulia mpaka wa hifadhi, na huko kunaishia mahakamani. Wazee wetu mwaka 1980 walikaa vikundi kusikiliza redio kwenye kampeni ya Misitu ni Mali, wakapanda miti. Baadhi ya ile mikubwa inayotupa kivuli hapa ghalani ni kazi ya mikono yao. Sisi tumepanda mingapi? Tuulizane bila kununa.

Kuna watakaosema serikali imeleta mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, na kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wameachana na moshi. Tunaupokea kwa mikono miwili, na tunataka mitungi ya gesi ifike mpaka huku. Lakini ugali wa leo jioni unaivishwa na kuni.

Njia nayo imeharibika. Pawatila inashuka moja kwa moja kama jiwe, magurudumu yamechimba michirizi miwili, mvua za Machi zikaigeuza mitaro, na mtaro wa kushoto sasa unamfika mtoto kiunoni. Watoto wa kitongoji cha juu wanapita hapo kwenda shule. Njia ya kushushia kuni inatakiwa izunguke ubavu wa mlima, tena iwekwe magogo ya kukingama kila baada ya hatua kadhaa, maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Kazi hiyo ni ya siku tatu kwa majembe na watu 40. Na kuanzia mvua zikianza mpaka njia ikauke, pawatila isipande kabisa.

Msimu uliopita mvua za kulimia zilipofika, pawatila ilikuwa juu ya magogo, giaboksi imekufa kwa kuvuta matela ya tanuri. Kuna wanachama walilima kwa mkono wakachelewa kupanda, na mavuno yao mmeyaona. Chombo cha mpunga kilikufa kwa ajili ya matofali. Hilo likitokea mara ya pili hatutakuwa na uso wa kuwaomba watu michango.

Ofisi inaleta mkutanoni haya. Safari ziwe mbili kwa siku, basi. Kati ya kila safari nne, tatu ziende majumbani kwa zamu ya vitongoji, kwa bei ya dizeli na posho ya dereva tu, na wajane na wazee wasiojiweza walipiwe na mfuko wa ushirika. Ya nne auziwe mwenye tanuri, kwa bei ya juu kuliko sasa, na kwa kuni za shamba lake au za mitiki iliyopunguzwa, siyo za kilima. Tarehe mosi Oktoba tela lifunguliwe, pawatila iende kwa fundi ikajiandae kulima. Matibabu ya kijana aliyeumia yalipwe na ushirika mpaka atakapotembea, maana alikuwa kazini kwetu.

Tunajua wapo wajumbe wawili watatu wenye matanuri. Wana haki ya kusema, lakini wakati wa kupiga kura juu ya bei ya tanuri wakae pembeni.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Daftari la safari litakuwa mezani, kila mtu alifungue mwenyewe. Wanaotaka kazi ya njia waje na majembe na mapanga siku hiyo hiyo, tutaanzia pale kwenye mkuyu.

Katibu wa Tawi