Mtihani si tamati: Ni nani atakayewadhamini wahasibu wa Taita Taveta?

KILA yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya uhasibu na fedha, nderemo husikika katika nyumba kadhaa za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Wazazi waliouza mbuzi na kukopa karo huamini kwamba safari imefika mwisho. Hata hivyo, kwa vijana wengi wanaosomea vyeti vya kimataifa, hapo ndipo mlima unapoanza. Mtahiniwa hupita karatasi zote, kisha akaambiwa kwamba hawezi kulitumia jina la taaluma hiyo hadi athibitishe tajriba ya kazi na apate watu wa kumdhamini.

Mtihani una silabasi, tarehe na alama. Udhamini hauna. Humtegemea mtu mwingine akubali kutia sahihi, na mtu huyo si rahisi kumpata katika kaunti ambayo sehemu kubwa ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo na mashamba ya mkonge.

Masharti yenyewe yanafaa kufahamika. ACCA, chama cha wahasibu chenye makao yake London, kwa miaka mingi kimemtaka mwanafunzi awe na miezi 36 ya kazi inayohusiana na uhasibu au fedha. Aidha, sharti atimize malengo tisa ya utendaji, matano ya lazima na manne ya kiufundi anayoyachagua. Kwa kila lengo huandika maelezo mafupi ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe, na msimamizi aliyehitimu uhasibu huyaidhinisha.

Cheti cha CFA cha wachanganuzi wa uwekezaji, ambacho mitihani yake ilianza mwaka 1963 nchini Marekani, kina ngazi tatu za mitihani. Zamani mwombaji alitakiwa awe na miezi 48 ya kazi. Siku hizi ni saa 4,000 katika muda usiopungua miezi 36, pamoja na wadhamini wawili au watatu wanaoifahamu kazi na tabia yake. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki huzikamilisha saa hizo katika wiki 100, lakini bado atalazimika kuingoja miezi 36 itimie. Aliyeajiriwa kwa nusu siku, saa 20 kwa wiki, atahitaji wiki 200, yaani takriban miaka minne.

Je, kazi za aina hiyo ziko Taita Taveta? Wengi hujibu kwamba haziko, na hilo ndilo kosa la kwanza. Ni kweli kwamba Soko la Hisa na kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu zina makao yao Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Voi. Lakini tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, hazina ya kaunti huko Mwatate huandaa bajeti, hulipa wanakandarasi na kujibu maswali ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Vyama vya akiba na mikopo hupima wakopaji na kutenga fedha za kufidia mikopo isiyolipwa. Mashamba ya mkonge huuza ng'ambo. Hoteli za watalii na wafanyabiashara wa vito hushika vitabu vya hesabu mwaka mzima.

Kanuni haziulizi cheo cha mtu wala ukubwa wa jengo analofanyia kazi. Huuliza kazi aliyoifanya. Karani wa chama cha akiba anayeandika tu kwamba "alihudumia wateja" amejinyima haki yake. Iwapo alilinganisha hesabu za benki na za chama, au alikadiria hasara ya mikopo, hiyo ni kazi ya uhasibu inayoweza kuhesabiwa. Kwa upande wa CFA, kipimo ni kushiriki katika maamuzi ya uwekezaji au kutayarisha kazi inayoyachangia. Afisa aliyeiandalia kamati ripoti ya kuamua kama akiba ya wanachama iwekwe katika hatifungani za serikali ana hoja nzito kumliko karani wa benki kubwa anayepokea pesa dirishani.

Kosa la pili linahusu mdhamini. Wengi hudhani kwamba lazima awe na cheti kile kile wanachokitafuta, na kwa kuwa hawamwoni mtu kama huyo Voi, hukata tamaa. Sivyo. Msimamizi wa ACCA anaweza kuwa mhasibu wa chama kinachotambuliwa na shirikisho la wahasibu duniani, na Taasisi ya Wahasibu wa Umma nchini, ICPAK, ni mwanachama wa shirikisho hilo. Kwa hivyo mhasibu wa CPA(K) aliye mwanachama wa ICPAK, na anayeifahamu kazi ya kijana huyo, anaweza kumsimamia. Ikiwa mkuu wake kazini si mhasibu, mkaguzi wa hesabu kutoka nje ya shirika anaweza kushirikiana na mkuu huyo. Wadhamini wa CFA nao si lazima wawe na cheti hicho, ingawa vyama vya mahali vinaweza kuongeza masharti yao.

Linalobaki ni uzito wa sahihi, na hapa sheria ya nchi haisaidii vya kutosha. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, mradi amefanya kazi kwa wiki nne au zaidi. Hati hiyo hutaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba mwajiri halazimiki kutoa barua ya sifa kuhusu tabia au utendaji. Yaani sheria inamhakikishia kijana ushahidi kwamba alikuwepo kazini, haimhakikishii ushahidi wa alichokifanya. Udhamini umeachwa uwe hisani, na Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Mtoto wa asiyejulikana hubisha hodi hadi achoke.

Uhaba huu huzaa kishawishi cha njia za mkato. Kamati za nidhamu za ACCA zimewahi kuwafuta uanachama watu waliobainika kuwasilisha maelezo ya kunakili, au kuwataja wasimamizi ambao hawakuwasimamia kamwe. Kijana aliyesota kwa miaka mingi anaweza kulipoteza jina lake kwa aya moja aliyoiazima kwa mwenzake.

Kuna hatua zisizohitaji fedha nyingi. Serikali ya kaunti inaweza kuwaagiza wahasibu wake waliohitimu kuwasimamia wafanyakazi chipukizi na wanagenzi, na kuihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya majukumu yao. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kinaweza kuwafunza wanafunzi jinsi ya kuweka kumbukumbu za kazi kabla hawajatumwa nyanjani. Tawi la ICPAK la Pwani nalo linaweza kuandaa orodha ya wanachama walio tayari kuwa wasimamizi, badala ya kila kijana kupanda gari kwenda Mombasa kubahatisha.

Vijana wenyewe nao wana wajibu. Yafaa waandike kila mwezi walichokifanya, kwa saa na kwa mifano, na kumwomba msimamizi aidhinishe akiwa bado yuko. Meneja akihamishwa Kisumu au akistaafu, anayemrithi hawezi kushuhudia asilolijua.

Kaunti hii imelalamika kwa miaka mingi kwamba vito vyake na mkonge wake huwanufaisha watu wa mbali. Iwapo wahasibu wake nao watalazimika kuhamia Nairobi ili kupata sahihi mbili au tatu, itakuwa imewasomesha kwa jasho lake kisha ikawatoa bure, na hesabu zake za umma zitaendelea kuwategemea wageni.