Mwenye Mtumbwi Naye ni Mwajiri

Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, wawe mia au mmoja. Anayefariki kwa ajali ya kazi hukadiriwa fidia ya ujira wa miezi 96. Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2019.

Tatizo limo katika neno moja. Mfanyakazi, kwa mujibu wa sheria, ni aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira. Huko Mbita, kaunti ya Homa Bay, mvuvi wa omena aghalabu hulipwa fungu la mapato ya usiku. Huko Nyatike, kaunti ya Migori, mchimbaji dhahabu hupewa sehemu ya mawe yatokayo shimoni. Basi mwenye mtumbwi na mwenye shimo hudai kwamba hao si waajiriwa bali ni washirika. Ushirika wa ajabu! Mshirika huyo hachagui wavu wala bei, na huweza kufukuzwa asubuhi. Shimo likiporomoka, aila yake huambulia mchango wa matanga. Kiswahili, kwa upande wake, kilikwisha kuamua: tajiri ni mwenye mali, na tajiri ni mwajiri.

Ni kweli kwamba mwenye mtumbwi mmoja hamudu kulipia bima ya mwaka kwa mkupuo. Hata hivyo, vikundi vya usimamizi wa fuo vingeweza kuyakusanya malipo hayo kidogo kidogo kwa kila mavuno, na vyama vya wachimbaji vivyo hivyo. Bunge nalo liongeze neno "fungu" kando ya "mshahara".