Rukwa tuache kusajili majina

Agosti 2024 kule Honolulu, dogo wa Chile, Fernando Cifuentes, alitwaa ubingwa wa dunia wa karata za Pokémon. Mchezo huo kila mtu anajipangia karata zake 60 kabla ya kuingia mezani. Ni usajili kabisa. Wengine walibeba karata za mashambulizi makali. Yeye alitegemea Iron Thorns: ikikaa mbele, mastaa wengi wa mpinzani wanabaki na majina tu, uwezo wao maalumu unazimwa.

Sumbawanga tulishaiona hiyo. Oktoba 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Prisons ya Mbeya iliyokuwa imehamia kwetu iliifunga Simba, bingwa mtetezi, 1-0. Bao la Samson Mbangula. Mastaa wa Msimbazi wakaondoka vichwa chini.

Sasa viongozi wa timu zetu, kila msimu mamluki wa majina, huku vijana waliokulia kwenye baridi na mwinuko wa Ufipa wakikaa jukwaani na makoti yao. Jamani, kabla hamjatuma nauli Dar, kaeni kwanza mjiulize: tunataka kumzima nani, na hapa nyumbani nani anaweza kumzima?