Karata Hazizeeki, Zinastaafishwa

Jumamosi moja baba mmoja aliingia na mwanawe wa miaka kama kumi na mitatu katika duka la michezo mjini Manchester, nilikokuwa nikisoma. Mtoto alikuwa ameshalikumbatia boksi la Magic: The Gathering kifuani kana kwamba limekwisha lipiwa. Baba akamwuliza muuzaji swali la mtu anayetaka kujua fedha yake inakwenda wapi: "Huu mchezo atacheza mpaka lini?" Muuzaji akajibu papo hapo: "Miaka miwili, mitatu. Wote huacha wakikua."

Nilikuwa meza ya pili nikichanga karata zangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na nilisikia kila neno. Sikusema kitu, kwa sababu imani ile hata mimi nilikuwa nayo.

Wengi wanayo. Inasema kwamba karata za mashindano ni jambo la umri fulani: mtu anaziingia akiwa kijana, zinamkolea, halafu kazi, ndoa na watoto vinamwita, naye anaziacha kama alivyoziacha gololi. Wazazi wanaiamini na wake wanaisubiri itimie. Kinachoniuma zaidi ni kwamba wachezaji wenyewe wameimeza. Waulize watacheza mpaka lini, kama nilivyowauliza wenzangu Ijumaa nyingi usiku, watakwambia mpaka nimalize chuo, mpaka nipate mtoto, labda mwaka huu na ujao. Wanasema bila huzuni, kama mtu anayekwambia masika yataisha.

Nasema imani hiyo ni ya uongo, tena ni uongo wenye mwenyewe anayekula faida yake.

Nianze nyumbani, maana huko ndiko nilikojifunza karata kabla sijajua kwamba kuna watu wanaozichapa na kuziwekea mwisho. Ami yangu aliondoka Kikwajuni, Unguja, mwaka 1993 kwenda Muscat, akaendesha malori huko miaka kumi na moja. Aliporudi alifika alasiri, akasalimia wa nyumbani, akaoga, akala, na baada ya magharibi akatoka kwenda barazani. Nilimfuata kwa nyuma. Wazee wanne walikuwa wamekaa wanacheza wahedi wa sitini. Walisimama, wakakumbatiana, wakaulizana hali za huko na za huku, wakamtaja aliyekufa na kumwombea. Kisha mmoja akainuka akampisha mahali pake, na mwingine akamsukumia pakiti: "Kaa, changa."

Akachanga, akagawa, turufu ikageuzwa. Hakuna aliyemweleza chochote, kwa kuwa hapakuwa na cha kueleza. Mchezo ule jina lake ndilo lengo lake: 61, nusu ya alama 120 na moja juu, na hesabu hiyo ilikuwa vilevile siku aliyopanda ndege. Pakiti ilikuwa imechakaa mpaka pembe zimekuwa mviringo. Bibi wa shupaza alikuwa amepotea zamani, na badala yake walikata kipande cha boksi la majani ya chai, wakachora shupaza kwa kalamu na kuandika herufi B. Mgongo wake ulikuwa na rangi nyingine, kwa hiyo kila mtu alijua bibi yuko mkononi mwa nani. Walicheza hivyohivyo, na aliyekuwa naye alijua wenzake wanajua, akaupanga mchezo wake kwa kulihesabu hilo.

Sasa nije kwenye marejeo yangu mimi. Niliacha Magic mwaka 2019 kwa sababu za kawaida kabisa: kazi ya zamu, kodi ya nyumba, mtoto wa kwanza. Mwaka 2022 nikapata Ijumaa zangu tena. Nikaitoa deki yangu kabatini, karata 60 za kijani na nyekundu nilizokuwa nazijua kama vidole vyangu, nikaenda dukani kujiandikisha katika mashindano ya Standard. Kijana niliyekaa naye aliomba azione kabla hatujaanza. Alikuwa na adabu. Akaanza kuziweka mezani moja moja: "Hii imeshatoka. Hii nayo imetoka. Hizi nne pia." Alipomaliza palikuwa na mafungu mawili. Fungu kubwa lilikuwa la karata zisizoruhusiwa tena. Dogo lilikuwa la ardhi za kawaida, misitu na milima, ambazo hutumika mchezo wowote, mwaka wowote. Nilibakiwa na misitu na milima tu, hakuna hata kiumbe mmoja wa kuishi humo.

Nilirudi nyumbani bila kucheza. Njiani nilijiambia yale aliyoyasema muuzaji: umekua, achana na haya. Ilinichukua miezi kuona kwamba nilikuwa nimeacha kazi zote za mtu mzima na kuja na hamu yangu nzima mpaka mezani, na mlango ndio uliokuwa umefungwa.

Kwa asiyeujua mchezo, mambo yako hivi. Magic iliuzwa kwanza Agosti 1993, ikiwa imebuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast. Tofauti na pakiti ya karata 52, hapa kila mchezaji hujipangia deki yake kutoka katika maelfu ya karata zilizochapwa, na asizonazo hununua. Januari 1995 kampuni ikatenga aina ya mashindano, ambayo leo inaitwa Standard, inayokubali karata za karibuni peke yake. Toleo jipya likiingia, wakati ukifika matoleo ya zamani hutoka kwa pamoja. Kwa miaka mingi karata ilidumu humo kama miaka miwili. Mwaka 2023 muda ukarefushwa kuwa mitatu, na wachezaji tukashukuru. Kisha mwaka 2025 yakaingizwa matoleo sita kwa mwaka badala ya manne tuliyoyazoea, kwa hiyo aliyetaka kubaki mezani alipaswa kukimbia kwa kasi zaidi kuliko kabla ya kuongezewa muda.

Miaka miwili, mitatu. Rudia jibu la muuzaji yule. Umri aliompa mtoto ndio umri wa karata alizokuwa akimwuzia. Tumeitazama tarehe ya mwisho iliyowekwa na mfanyabiashara, tukaiita tabia ya binadamu.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, watasema akili huchoka, na mashindano yanataka wepesi wa kijana. Basi wamtazame Jon Finkel, aliyeshinda mashindano makubwa ya Pro Tour mjini New York mwaka 1998, akawa bingwa wa dunia mwaka 2000, akapunguza kucheza akishughulika na mambo mengine ya maisha, kisha mwaka 2008 akarudi na kushinda Pro Tour ya Kuala Lumpur, miaka kumi baada ya ile ya kwanza. Au waache Magic, wakatazame briji, mchezo unaoumiza kichwa kuliko karata nyingi zilizowahi kubuniwa. Bob Hamman wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1938, aliutwaa ubingwa wa dunia wa timu, Bermuda Bowl, kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Mara yake ya mwisho ilikuwa 2009, akiwa na miaka 71. Katikati hapo alikaa namba moja duniani miaka ishirini mfululizo, 1985 hadi 2004. Namna ya kuhesabu alama katika briji ya leo ilitengenezwa na Harold Vanderbilt akiwa safarini baharini mwaka 1925, na tangu hapo hakuna aliyemwambia Hamman kwamba mfalme wake wa kopa ameshatoka. Miaka thelathini na tisa ya ushindi haikutokana na ubongo wake peke yake. Mchezo pia ulimwachia alichojifunza.

Hilo ndilo lisilosemwa. Mchezaji wa karata hukua kwa kulimbikiza. Kila usiku anaotumia mezani unaingia akibani: ameona mpangilio huu, anajua mtu anayeshika karata namna hii ana hofu gani, anakumbuka alivyokosea mwaka juzi. Mzee wa barazani anaogopwa kwa akiba hiyo. Ukizifuta karata zote kila baada ya miaka michache unamfuta mzee pamoja nazo, na kila mtu anakuwa mwanagenzi anayeshindana na mwenzake kwa ukubwa wa pochi. Halafu tunashangaa mbona mezani hakuna wenye mvi.

Pili, watasema maisha ndiyo yanayowaondoa watu, si karata. Kweli, maisha huwaondoa. Ami yangu yalimwondoa miaka kumi na moja. Lakini kuondoka si kuacha. Watu huondoka kwenye mpira, kwenye kwaya, kwenye bao, wakazaa, wakalea, wakarudi wakiwa na miaka arobaini na mitano watoto wameshajimudu. Kinachogeuza mapumziko kuwa kuacha ni kukuta, siku ya kurudi, unatakiwa uanze upya kwa fedha ambayo mwenye familia hawezi kuitetea mbele ya mkewe.

La tatu lina uzito, nami silipuuzi. Bila kustaafisha karata, mgeni angeingiaje? Mtoto wa leo angepaswa kuzikabili karata za miaka thelathini zote kwa mkupuo, nyingine zikiwa na bei ya gari. Standard ilianzishwa kuwafungulia wageni mlango, na ilifanya hivyo. Tena mchezo usiobadilika kabisa huweza kuganda, ukabaki na njia mbili tatu za kushinda. Yu-Gi-Oh! haistaafishi karata kwa kalenda, lakini karata mpya huja na nguvu zinazozifanya za zamani zisifae, na aliyebaki na za zamani anafukuzwa vilevile. Kwa hiyo sisemi karata zisibadilishwe kamwe. Nasema gharama ya mabadiliko ibebwe na anayenufaika nayo, na tuache kumbebesha mchezaji kwa kisingizio cha umri wake.

Inawezekana, maana wachezaji wenyewe wameshafanya. Garfield huyohuyo alibuni Netrunner mwaka 1996. Mwaka 2012 Fantasy Flight Games ikaufufua kwa jina la Android: Netrunner, ukapendwa sana, na mwaka 2018 kampuni ikaacha kuuza. Kwa imani niliyoitaja, huo ulikuwa mwisho. Wachezaji wakaunda shirika lisilo la faida, NISEI, ambalo tangu 2022 linaitwa Null Signal Games, wakaendelea kubuni karata mpya na kuandaa mashindano mpaka ya ubingwa wa dunia. Wao pia hustaafisha karata. Ila karata zao unaweza kuzipakua bure, ukazichapa, ukazikata kwa mkasi na kuketi nazo mezani. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilimkumbuka bibi wa shupaza wa boksi la chai.

Na ndani ya Magic kwenyewe watu wamepiga kura kwa miguu. Mchezo unaoitwa sasa Commander ulianza kwa wapenzi wa karata huko Alaska, si ofisini: deki ya karata 100, kila moja nakala moja tu ukitoa ardhi za kawaida, na karata haistaafu kwa kalenda. Kampuni ilianza kuutengenezea bidhaa mwaka 2011, na leo yenyewe inakiri kwamba ndio unaopendwa kuliko aina nyingine zote. Huko utamkuta baba wa watoto watatu na karata za mwaka 1997. Kama watu huacha kwa sababu wamekua, hawa wametoka wapi? Hata huko nina hofu, kwa sababu Septemba 2024, baada ya karata nne kupigwa marufuku, na kamati ya wachezaji wa kujitolea iliyokuwa ikiusimamia kutukanwa na kutishwa na watu waliopoteza thamani ya mali zao, usimamizi ulikabidhiwa kampuni. Kampuni ambayo mwaka 2022 ilivuka mapato ya dola bilioni 1 kwa mchezo huu mmoja haiwezi kuutazama mlango usio na tiketi ikatulia.

Mimi sasa nacheza Commander, Alhamisi, na watu wanne ambao mdogo wao ana miaka thelathini na sita. Zile karata zilizotolewa mezani mwaka 2022 zote zimo katika deki yangu, nakala moja moja.

Mtoto yule wa Manchester ni kijana mkubwa sasa, na sijui kama bado anacheza. Ningempata baba yake leo ningemwambia swali lake lilikuwa zuri, ila alilielekeza kwa mtoto. Angelishika boksi lile, akaliweka kaunta, akamwuliza muuzaji: hizi ataruhusiwa kuziweka mezani mpaka lini? Tarehe ilikuwepo, na aliyeijua alikuwa upande ule wa kaunta.