Mwacheni Abiria na Majini Yake

Kuna imani imeenea Dar es Salaam kwamba mtu mzima anayefungua hadithi ya majini ndani ya daladala anapoteza muda. Mwenye kitabu cha kutajirika huonekana mtu wa maendeleo. Mwenye gazeti la michezo haulizwi kitu. Anayesoma kitabu cha dini huheshimiwa hata na walevi. Lakini jirani akichungulia ukurasa wako akakutana na zimwi, au nchi inayoelea hewani, swali linakuja hata kutoka kwa mtu msiyejuana naye: "Dada, mambo hayo si ya watoto?" Walio wapole husema tu kwamba unayakimbia maisha.

Imani hiyo ni ya uongo, na inawaumiza wasomaji ambao tunalalamika kila siku kwamba hatunao.

Hebu tumtazame huyo anayedaiwa kukimbia. Ametoka Mbagala au Gongo la Mboto, anakwenda Kariakoo au Posta. Amesimama. Mkono mmoja umeshika bomba, wa pili umeshika kitabu kilichokunjwa, kidole gumba kiko tayari kufunua ukurasa gari likitulia. Sikio moja amemwachia konda, maana kituo kikimpita atarudi kwa miguu juani. Nauli anajua iko mfuko upi. Kama anasoma kwenye simu, anajua pia kwamba foleni ikisimama na dirisha likawa wazi, simu hiyo inaweza kuondoka mkononi mwake kabla hajamaliza sentensi. Ndiyo sababu mojawapo ya baadhi yetu kung'ang'ania karatasi. Mtu huyu yumo maishani hadi shingoni. Alichokataa ni kuiachia foleni akili yake yote, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka.

Mwandishi J.R.R. Tolkien, aliyekuwa askari kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916, aliwajibu watu wa aina hii katika mhadhara wake wa 1939 kuhusu hadithi za ajabu. Hoja yake ilikuwa kwamba wanamchanganya mfungwa anayewaza nyumbani kwake na askari anayetoroka vita. Nakubaliana naye. Lakini sisi hatuhitaji kwenda Uingereza kutafuta utetezi, na hapa ndipo ninapoudhika hasa, kwa sababu wanaosema hadithi za ajabu ni za watoto wanaitukana fasihi yao wenyewe bila kuijua.

Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Zanzibar, zilizosimuliwa huko kwa Kiswahili. Mojawapo ni ya sultani aliyekuwa na paka. Paka alianza kuua mifugo. Watu wakaenda kushtaki. Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mnyama aliyeuawa ni wake pia, basi wana shida gani? Paka akaendelea, akanenepa, akafika kwa binadamu, na jibu la ikulu likabaki lilelile. Sultani alikuja kukiri kwamba hilo si paka tena bali ni nunda, mla watu, siku lilipowaua wanawe mwenyewe. Kijana wake mdogo ndiye aliyeingia porini kulitafuta.

Nionyesheni tahariri ya gazeti lolote iliyoeleza vizuri zaidi jinsi uovu unavyolelewa na mwenye mamlaka, hatua kwa hatua, kwa sababu mwanzoni unawala wasio wake. Na hiyo eti ni ya kuwalazia watoto.

Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, alitoa Kusadikika mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe waliotumwa pande zote, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya kuwafaa watu wao na wakalipwa kifungo. Angeiandika Tanganyika kwa jina lake, asingechapishwa. Aliiandika nchi isiyokuwepo, na kila msomaji akajua anaishi wapi. Mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Wanafunzi wengi wamefanyia mtihani vitabu vya mtu huyu. Haiwezekani jambo liwe fasihi ya taifa ndani ya chumba cha mtihani, kisha liwe utoto ndani ya basi.

Sasa vitabu vinavyosifiwa kuwa ndivyo vya kumfaa abiria. Vile vya hamasa, vilivyopangwa juu ya turubai katikati ya jiji, vinamwambia mtu anayeamka saa kumi alfajiri ili awahi gari kwamba siri ya mafanikio ni kuamka mapema. Vinamfundisha kwamba kubanwa kwake ni kosa la fikra zake. Sisemi visisomwe. Nasema havina haki ya kuitwa uhalisia, wakati hadithi ya nunda, inayouliza paka ni wa nani na nani alimfuga, inaitwa ndoto. Mtu aliyezoea nchi za kubuni anazoea pia kufikiri kwamba mpangilio wa nchi umetengenezwa na watu na unaweza kutengenezwa upya. Ni fikra ninayotaka iwe kichwani mwa kila aliyebanana njia ya Kilwa jioni.

Na hata kama asingepata funzo lolote, nani aliyetoa amri kwamba saa yake pekee asiyotumwa na bosi wala na nyumbani lazima ilete faida? Raha yake inatosha.

Zipo hadithi mbovu za majini, ndiyo. Zinazorefushwa bila sababu ili ziuzwe vipande vingi. Dawa yake ni kuandika na kuhariri vizuri zaidi. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya kiada, na riwaya ya ajabu kwa watu wazima wanaiona kama hatari. Ninachotaka wajaribu ni hiki: riwaya ya Kiswahili yenye mazimwi na siasa zake, ndogo ya kuingia mfuko wa suruali, herufi zinazosomeka gari likitikisika, bei isiyozidi nauli ya wiki. Waandishi wapo. Wanauza hadithi zao sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, na abiria wanalipa.