Asemaye "Bomba Limeharibika" Atauziwa Jipya

Kwa muda wa miezi miwili, bomba la mvua la bafuni mwangu hapa Msambweni lilidondoka usiku na mchana. Nilipokinga ndoo ya lita 20 baada ya sala ya Isha, niliikuta imejaa siku ya pili kabla ya Magharibi. Wahenga hawakukosea: haba na haba hujaza kibaba. Ndoo kama hiyo ndiyo ambayo watoto wengi wa Kwale hujitwika kutoka kisimani kabla ya kwenda shule.

Fundi niliyemwita alitazama, akatamka, "Bomba limeharibika," akanitaka ninunue jipya. Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mtu mzima.

"Mwalimu," akaniambia, "bomba ni zima. Mpira ndio uliolika. Hebu funga koki kubwa nikuonyeshe."

Tulifunga koki iingizayo maji nyumbani, tukafungua bomba hadi maji yaliyosalia yakaisha. Tulilegeza parafujo ya kishikio kwa bisibisi, tukafungua shingo kwa spana na kukitoa kiini cha ndani. Mpira wa nchani ulikuwa umelika, na mahali unapokalia palikuwa na ukoko mweupe. Maji mengi ya visima vya pwani yetu hupita katika mwamba wa matumbawe, yakabeba chokaa. Ukoko wake ndio uulao mpira. Tuliulainisha kwa siki, tukaukwangua, tukatia mpira mpya. Bomba likanyamaza. Lau mahali pale pangekuwa pamechimbika, hapo ndipo ningelazimika kununua jipya.

Mama yule aliupata wapi ujuzi huo? Katika miaka ya 1980, Kwale ilikuwa miongoni mwa mahali palipofanyiwa majaribio ya pampu za mkono, ikiwemo Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Pampu hiyo iliundwa makusudi ili wanakijiji waweze kuifungua na kuitengeneza wenyewe kwa spana moja. Wanawake wa vijijini walifunzwa kuitunza, naye alikuwa mmoja wao.

Kama mwanaisimu, nilijionea haya. Neno "bomba", tulilolipokea kutoka kwa Wareno, tunalitumia kwa pampu, kwa paipu na kwa mfereji pia. Asiye na neno jingine hana budi kusema kwamba kitu kizima kimeharibika, na dukani Ukunda atauziwa kitu kizima. Ajuaye kusema "mpira umelika" atanunua mpira. Hivyo basi, msamiati si pambo la insha. Ni akiba ya fedha na ya maji.

Walimu wenzangu, tunawakaririsha wanafunzi majina ya makundi na ya vikembe vya wanyama, jambo ambalo silipingi. Lakini ni wangapi kati yao wanaoweza kutaja sehemu tano za bomba wanaloligusa kila siku? Leteni darasani bomba kuukuu, bisibisi na spana. Mwalikeni fundi, au mama kama jirani yangu, alifungue mbele yao, nao waandike jina la kila kipande kinachotoka. Somo hilo la Kiswahili litawafaa hata baada ya mtihani.